Kapasita Iliyotoa Jicho la Dulo

Mwanangu Hawa,

Nimekuficha habari ya jicho la Dulo tangu siku ulipojifunza kushika bisibisi. Umekua ukijua kwamba lilitolewa na uzembe wake mwenyewe, na aliyekuambia hivyo ni mimi. Si kweli. Kesho unaondoka kwenda kusomea ufundi wa umeme Mombasa, nami sidhani kifua changu kitaningoja mpaka urudi likizo. Kwa hiyo nimeomba mito miwili ya kuegemea na kalamu. Mwandiko umepinda, soma polepole.

Habari za nguo, chakula na kupiga simu ukifika, shangazi yako amekwisha kuzisema mpaka umezichoka. Sina la kuongeza hapo.

Leo alasiri ulimwona Dulo akiingia uani na kibuyu cha maziwa kwapani. Ametembea kutoka malishoni, kwenye matope yale meusi yanayovua viatu, ili akuage. Salimu, mtoto wa shangazi yako, alikuwa anafunga begi lako kwa kamba. Akasema kwa sauti ambayo yeye aliidhani ni ya chini:

"Hawa, mwangalie huyo asiguse radio. Atatuwekea kidulo."

Ukacheka. Dulo naye akacheka. Akasema, "Ee, mimi hata kibuyu nageuza. Shikeni vizuri, maziwa isimwagike."

Mimi nilikuwa dirishani, kitandani hapa, nikasikia yote. Ndipo nilipoomba beseni. Mkadhani ni dawa imenichafua tumbo. Haikuwa dawa. Ilikuwa kinyaa, na kilikuwa cha nafsi yangu.

Kidulo. Garsen nzima inasema hivyo. Mtoto akiweka betri za tochi kinyume, wenzake humwambia umeweka kidulo. Fundi wa simu pale stendi akikuta waya wa chanya umefungwa kwenye hasi, huuliza ni nani aliyefanya kidulo hapa. Wewe mwenyewe ulirudi kutoka kwenye usaili wa chuo ukatuambia kwa furaha kwamba umewafundisha walimu wa huko neno letu, wakalipenda. Nikatabasamu. Jina la mtu aliye hai, anayekula na kulala jirani yetu, limekuwa jina la ujinga, na linakaribia kuvuka kwenda miji ambayo hajawahi kukanyaga.

Nikuambie alivyokuwa kabla ya hapo, maana wewe umemjua tu kama mzee mwenye kitambaa usoni.

Nilikuwa bado nafundisha sayansi. Jioni nilitengeneza radio barazani kwetu. Dulo alikuja na radio yake iliyokanyagwa na ndama, akakaa kunitazama, na siku ya pili akarudi bila radio. Alikuwa kijana wa Waorma, wafugaji wa ng'ombe, mrefu, mwenye maneno mengi na majivuno ya kutosha watu wawili. Sikumchukua kwa huruma. Nilimchukua kwa sababu alinichekesha, na kwa sababu alikuwa na mikono isiyotetemeka. Tuliunda amplifaya yetu ya kwanza pamoja, tukawa tunapiga muziki harusini, kwenye mikutano, hata mnadani. Yeye alifunga waya, mimi nilipiga hesabu. Watu walitukaribisha pamoja na kutulisha sinia moja.

Sasa unajua jinsi watu wa huku wanavyonunua ng'ombe. Hawamwulizi mwenye ng'ombe kitu. Wanamzunguka mnyama, wanamshika nundu, wanaangalia amenona wapi, ndipo wanasema. Amplifaya waliipima vivyo hivyo. Mwenye harusi alikuja siku moja kabla, akainyanyua aone uzito, kisha akasema, "Fungua mfuniko." Akichungulia ndani alitafuta kitu kimoja: zile kapasita kubwa za sehemu ya umeme, zilizosimama kama makopo ya maziwa ya unga. Hajui zinafanya nini. Lakini zikiwa kubwa, amplifaya imenona. Dulo ndiye aliyezipa jina la nundu. Na kwa kuwa yeye alikuwa hivyo alivyokuwa, ikawa desturi yetu kupiga harusi nzima mfuniko ukiwa wazi, akiwamulikia wageni kwa tochi. "Karibu, angalia nundu. Malindi hakuna kama hii."

Mimi, mwalimu, niliyewafundisha watoto kuwa umeme uliohifadhiwa unaua, nilisimama pembeni nikifurahia. Nilipenda watu wachungulie. Hilo nalichukia leo kuliko ugonjwa huu.

Hesabu ya kapasita unaijua. Nilikutobolea galoni tundu chini nikakupa kikombe cha kumimina. Jenereta inatoa umeme unaokwenda na kurudi, dayodi zinaunyoosha, lakini unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hakuna kitu. Kikombe ndicho pigo, tundu ndilo spika, galoni ndiyo kapasita. Galoni ikiwa ndogo, maji yanapanda na kushuka, na kushuka huko ndiko sikio linakokusikia kama mvumo wa nyuki chini ya wimbo. Ikiwa kubwa, maji yanatulia. Ikiwa kubwa kupita kiasi, mkupuo wa kwanza wa kuijaza unachoma fyuzi, na fyuzi ikiungua watu wetu wanaweka kipande cha waya, na hapo umetengeneza moto. Ndiyo maana nilikufundisha kutokisia: chukua ampia zinazotoka, zidisha kwa urefu wa pengo, gawanya kwa volti unazokubali zishuke. Spika zetu zilivuta ampia nne. Pengo ni sehemu ya mia ya sekunde. Nikikubali volti nne zishuke, nahitaji mikrofaradi elfu kumi kila upande. Hapo hakuna siri.

Kisha kuna volti zilizoandikwa ubavuni, na hizo hazina mjadala. Transfoma yetu ilitoa thelathini kila upande. Zikinyooshwa, kilele chake ni kama arobaini na mbili. Jenereta ikipandwa na wazimu, zinafika hamsini. Kwa hiyo nilitaka kapasita ya volti sitini na tatu. Galoni unaweza kuichagua kubwa au ndogo ukaishia tu kulaumiwa kwa besi legevu. Lakini ukijaza galoni kwa nguvu ambayo yenyewe haiwezi kuistahimili, inapasuka.

Ilikuwa harusi ya ng'ambo ya Golbanti, upande wa mashamba. Siku chache kabla yake kapasita zetu kubwa zilikufa. Zilikauka, amplifaya ikawa inavuma kama kinu cha kusaga. Nilituma Mombasa watafute nyingine, lakini barabara ilikuwa imekatika kwa mafuriko, na basi lilirudi njiani.

Sikuwa mikono mitupu, Hawa. Hili ndilo linalonichefua. Mkebeni nilikuwa na kapasita ndogo, nzima kabisa, za elfu nne na mia saba, volti sitini na tatu. Ukiunganisha mbili bega kwa bega unapata elfu tisa na mia nne. Elfu kumi niliyoitaka ilikuwa palepale, upungufu wake sikio lisingeusikia. Zingetosha. Nilizipanga mezani, mbili upande huu na mbili upande huu, zikakaa vizuri. Dulo akaja akazitazama, akaweka mkono kiunoni.

"Mwalimu, hii nini? Hii ni chuchu ya mbuzi."

"Zinafanya kazi ileile."

"Kazi ndiyo. Lakini watu watachungulia. Watacheka sisi mpaka asubuhi."

"Tutafunga mfuniko."

"Tukifunga watasema ng'ombe ana ugonjwa, ndiyo sababu amefunikwa."

Alikuwa anatania nusu. Ningemwambia basi, Dulo, wacha wacheke, angetikisa kichwa na angezifunga zilezile, kwa sababu kwenye hesabu hakuwahi kubishana nami. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia aende nyumbani, nitapata njia.

Njia niliyopata ni hii. Nilikuwa na kapasita mbili nyingine kubwa, zilizotoka kwenye mashine chakavu, zenye umbo sawasawa na zile zilizokufa. Ziliandikwa volti thelathini na tano. Nilichemsha maji. Nikalowesha zile zilizokufa mpaka ngozi yake ya plastiki ikalainika, nikaivua nzima kama mtu anavyovua soksi. Zile za thelathini na tano niliziacha na ngozi yake. Juu yake nikazivisha ngozi ya volti sitini na tatu, nikaipasha kwa moto wa mshumaa ikabana. Zikapendeza. Niligeuza maandishi yaelekee upande wanaochungulia watu.

Umenisikia maisha yako yote nikiwalaani wauzaji wa kapasita za bandia. Ulikuwa unacheka nikizipasua na kukuonyesha kikopo kidogo kilichofichwa ndani ya kikubwa, nikitema mate chini na kusema watu hawa hawana Mungu. Sasa unajua nilijifunza wapi kuzitambua.

Asubuhi yake nilimpa Dulo azifunge. Aliona volti sitini na tatu, akashangilia, akaniita mchawi. Zilikuwa za skrubu mbili kitakoni, chanya na hasi, zinazoshikwa na kikuku cha chuma kiunoni. Alizifunga. Tuliijaribu kwa umeme wa dukani, ikapiga safi bila mvumo hata chembe. Alipotoka nje kupakia spika niliweka kiganja juu ya kapasita moja. Ilikuwa na joto kama paji la mtoto mwenye homa. Kapasita iliyo salama haipati joto hivyo kwa wimbo mmoja. Nilijua. Nilitoa kiganja, nikakifuta kwenye suruali, nikamwita aje tuchukue na amplifaya yenyewe.

Harusi ilianza vizuri. Jioni yote ilipiga, na nikaanza kujiambia kwamba vilivyoandikwa kwenye vitu hivi vina akiba, kwamba kiwandani huweka nafasi. Mtu aliyesoma ana njia nyingi za kujidanganya, na zote zina maneno mazuri. Dulo alikuwa na tochi yake, mfuniko wazi, anamwonyesha mjomba wa bwana harusi nundu.

Taa za ukumbi zilikuwa zinafifia. Kijana mmoja wa upande wa bibi harusi akaenda kwenye jenereta akaikaza mafuta ili taa ziwake. Niliisikia ikipanda sauti. Nilijua maana yake. Nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, na kati yangu na swichi kulikuwa na wanawake wanaocheza. Nilisema, "Dulo, zima." Nilisema kwa sauti ya kawaida, kwa sababu ningepiga kelele watu wangeuliza ninaogopa nini.

Hakusikia. Alikuwa ameinama.

Mlio ulikuwa kama bunduki. Watu walilala chini. Kisha ule moshi mweupe na ile harufu. Unaifahamu kidogo, ya samaki aliyeoza aliyechanganywa na siki. Ilishika kwenye nguo, kwenye mikeka, kwenye wali. Wageni walitapika. Dulo alikuwa amekaa chini, miguu mbele kama mtoto, mikono usoni, anauliza, "Mwalimu, imeharibika? Mwalimu, imeharibika?" Aliuliza habari ya amplifaya. Walimnyanyua wakamwosha kwa maji ya birika, wakampakia kwenye trela ya trekta wampeleke hospitali Garsen. Nilisema nitafuata, nabaki kukusanya vyombo.

Baadaye wazee walikaa, kwa sababu watu wa Dulo walitaka kujua na watu wetu waliogopa. Unajua jinsi mambo kati ya wakulima na wafugaji yanavyoweza kuwaka kwa kitu kidogo. Niliombwa nieleze kwa kuwa ndiye niliyesoma. Nilileta amplifaya. Kitako cha kapasita iliyopasuka kilikuwa bado kwenye kikuku chake, na niliwaonyesha: hapa pana alama ya kujumlisha, na hapa panaingia waya wa hasi. Imefungwa kinyume. Kapasita ikifungwa kinyume hupasuka. Yote hayo ni kweli vitabuni. Sikutaja jina la mtu. Mzee mmoja aliuliza tu, "Nani hufunga?" Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ni heshima ya mtu anayemsitiri mwenzake.

Dulo alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimefungwa bendeji. Walimwuliza. Akasema:

"Mimi nakumbuka nilifunga sawa. Lakini kama Mwalimu ameona, basi ni mimi."

Watu wake wakainuka, wakashika fimbo zao, wakaondoka kwa amani. Nilishukuriwa kwa kuzuia ugomvi. Mama yako alinipikia kuku.

Hakuna aliyempelekea Dulo hata tochi tena. Alirudi kwa ng'ombe. Ile mikono isiyotetemeka nimeiona ikikama mbuzi miaka yote hii. Na hakunichukia. Kila alipopita aliniletea maziwa, na mara moja, wewe ulikuwa mdogo, aliniomba msamaha kwa kuniharibia jina mbele ya watu wa harusi. Niliupokea. Nilisema, "Yamekwisha, ndugu yangu." Niliyasema maneno hayo kwa mdomo huu.

Mwaka jana, mezani pale barazani, uliniuliza swali. Ulikuwa unalehemu, hukuinua hata macho. "Baba, kama aligeuza, mbona muziki ulipiga jioni nzima? Si ingepasuka mara tu walipowasha?" Ulikuwa umefikiri vizuri. Kapasita kubwa iliyofungwa kinyume haingojei harusi ifike katikati. Nami nilikujibu, "Nyingine huchelewa." Ukaniamini, ukaendelea na kazi. Basi ujue kwamba umebeba uongo ndani ya elimu yako, na nimeuweka mimi. Uondoe. Hazichelewi hivyo.

Nimewahi kujiambia kwamba nilifanya yale ili kulinda amani kati ya watu wetu na wao. Nilikaribia kukuandikia hivyo hata usiku huu. Nimekata mstari mzima. Sikuwaza amani. Niliwaza kwamba wataivua ile ngozi na kuona volti thelathini na tano. Ile kapasita ya pili, iliyobaki nzima, niliitupa mtoni Tana kabla hakujapambazuka, na vipande vya ngozi nikavichoma. Kitako sikukitupa. Nilikihitaji.

Sikupi wosia mrefu. Jambo moja tu. Kesho asubuhi utakuwa Garsen mapema, na basi la Mombasa huwa halifiki kwa wakati. Dulo atakuwa mnadani upande wa mbuzi, kama kila siku ya soko. Hajui kusoma. Mkalishe mahali penye kivuli umsomee barua hii, yote, hata pale ulipocheka wewe. Usimfupishie, usimlainishie. Ningekwenda mwenyewe, lakini mlango wenyewe siufikii bila kushikwa, na akija hapa nitamwangalia usoni nitanyamaza tena, najijua. Watu wakisogea kusikiliza, waache wasikie. Atakalotaka kunifanyia au kunisemea ni haki yake, hata akikataa kuja kunizika. Hukumu hiyo si yako wala yangu.

Amekaa miaka yote hii akidhani mikono yake ilimdanganya. Kwa hiyo haya ya mwisho msomee kwa sauti, Hawa, na umwite kwa jina lake.

Dulo, ulikumbuka sawa. Ulifunga chanya kwenye chanya na hasi kwenye hasi. Walipokuwa wanakuosha jicho kwa maji ya birika, nami nimebaki peke yangu na amplifaya, nilichukua bisibisi yako iliyoanguka mkekani, nikalegeza skrubu mbili, nikaigeuza kapasita kwa mkono wangu, nikazikaza tena.

Baba yako